Hati ya Furaha, Nakala Tatu

Jumamosi, 2 Agosti

Shemeji amekuja. Boksi limetangulia, tumbo likafuata, mwenyewe akaingia wa mwisho. Huyu ni kaka yake mke wangu, mwenye duka la vyombo vya umeme, na hajawahi kukanyaga nyumba hii mikono mitupu. Wanangu humwita Mjomba Maboksi. Leo kaleta kinanda cha umeme. Kina sauti mia mbili. Sauti ya mia moja na kumi na tisa ni mbwa anabweka. Kitinda, binti yangu mdogo wa miaka sita, ameipenda hiyo. Ameibonyeza tangu saa nne asubuhi mpaka jirani akaja kuuliza tumeanza kufuga lini.

Hilo ningelimeza. Lakini baada ya chakula shemeji akafuta mdomo, akatangaza. Shule zimefungwa kwa wiki tano. Wiki ya kwanza watoto wapumzike kwao, nne zilizobaki wakae kwake. Vyumba vinne! Televisheni pana kama mlango! Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akawatazama watoto. Binti mkubwa, miaka kumi na moja, tunamwita Wakili kwa sababu haachi kesi hata ya sukari iliyopungua kwenye kikombe. Akauliza kama wana haki ya kuamua wenyewe. Mama yao akasema haki wanayo. Watatoa jibu Jumapili ijayo, tarehe kumi, baada ya chakula cha mchana. Hivyo tu! Sikuulizwa.

Nieleze hapa, kwa ajili ya kumbukumbu. Mwaka jana walikwenda kwake wiki moja. Nyumba ilinyamaza mpaka nikawa nasikia friji inavuta pumzi. Kila jioni nilipanga viatu vyao vilivyobaki mlangoni, asubuhi nikavipangua, ili vionekane vimetumika. Wiki nne sitaziweza.

Silaha sina. Mshahara wa mkaguzi wa mizani haununui kinanda, hata kisicho na mbwa. Lakini jioni, nikifungua misumari niliyofungiwa kwenye kipande cha gazeti, nimesoma: mtoto husahau mwanasesere ndani ya siku arobaini, ila siku aliyofurahi na wazazi wake haisahau. Sijui nani alizipima hizo siku arobaini. Mimi humheshimu yeyote apimaye.

Nimeamua. Shemeji na alete vitu. Mimi nitatoa furaha zenyewe. Kitu kina kilo, kina betri, kina siku ya kuvunjika. Furaha haina uzito.

Nashukuru kwamba gazeti lilichanika baada ya sentensi hiyo, si kabla.

Jumapili, 3 Agosti

Nimeshinda mezani. Kazi njema huanza na fomu njema. Nimebuni Hati ya Furaha: namba, tarehe, mahali, saa ya kuanza kufurahi, saa ya kuacha. Chini kuna safu tatu: furaha ya kutarajia, furaha ya wakati wenyewe, furaha ya baadaye. Kila moja alama kumi. Nakala tatu: moja ya mpokeaji, moja ya mtoaji, moja ya faili. Pembeni nimeacha nafasi ya kuhesabu vicheko, kwa vijiti, vitano vitano.

Nimewakabidhi baada ya chai. Mke wangu akaigeuza mbele na nyuma, akauliza hii ni zawadi au leseni ya udereva. Wakili akasoma mpaka maandishi madogo, akauliza asiyeridhika anakata rufaa wapi. Nikamwambia kwangu. Akasema basi hiyo si rufaa, hiyo ni kurudi palepale. Kitinda akauliza kama inaliwa.

Furaha Namba Moja: kuona jua likichomoza, kesho, kutoka kilima cha tangi la maji. Haigharimu hata ndururu. Hakuna anayeuza jua, hata shemeji.

Mkuu wangu wa kazi amenipa likizo ya siku nne kwa simu, Jumatatu mpaka Alhamisi. Aliuliza sababu. Nikasema kufurahisha familia. Akasema sababu hiyo haimo kwenye orodha, niambatishe hati. Ninayo! Nakala ya nne nitaiandika kwa mkono.

Jumatatu, 4 Agosti

Niliwaamsha saa kumi na dakika arobaini alfajiri. Mke wangu alisema maneno ambayo sitayaandika. Wakili aliuliza kama jua haliwezi kuonekana dirishani. Kitinda hakuuliza kitu, alikuwa amelala wima.

Tulipanda. Matope. Nilikuwa nimepanga mapumziko mawili ya dakika tatu, tukapumzika mara tisa. Kitinda nilimbeba mgongoni. Kwa kukadiria, kilo kumi na tisa na nusu. Mlinzi wa tangi akatumulika kwa tochi usoni, akauliza tunatafuta nini. Nikamwambia furaha. Akauliza kama nimeagiza ihifadhiwe hapo.

Saa kumi na mbili na dakika nne, wakati wa jua kuchomoza, nikanyoosha mkono mashariki na kusema, haya, tazameni! Wingu. Wingu zito kama godoro lililolowa. Kukapambazuka tu polepole, kama mtu anayejaribu balbu mbovu. Tulisimama dakika ishirini na sita. Mbu walifurahi.

Wakati wa kushuka niliteleza, nikaenda hatua saba kwa makalio. Mke wangu akacheka. Kicheko kimoja, kirefu. Nimekiandika. Sheria haisemi kicheko lazima kitokane na jua.

Matokeo: Wakili hakutoa alama, ameandika tu, "Jua halikuhudhuria." Kitinda amechora paka kwenye safu ya furaha ya baadaye. Mke wangu amepika uji juu ya nakala yake. Namaanisha sufuria ameiweka juu yake.

Nyumbani nikampima Kitinda. Kilo kumi na tisa na robo tatu. Mkono wangu bado unajua kazi. Nashukuru.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya kupanga. Sikuachwa nipange. Shemeji huyo! Kaja na mashine ya kukaangia bisi. Ni kitu kidogo tu, alisema, kilikuwa kinakaa bure dukani. Bisi zikaruka, watoto wakaruka. Vicheko kumi na vinne kwa dakika mbili. Nilivihesabu kwa uchungu.

Nikamweleza kwa heshima kwamba katika nyumba hii zawadi za vitu zimepitwa na wakati, sasa tunapeana furaha. Akaomba kuiona hati. Akaisoma yote bila kucheka. Akauliza furaha hizi zinatoka kiwanda gani. Hapo akacheka. Kisha akauliza, shemeji, na mtu wa nje anaweza kuja kutazama? Kabla sijameza chai iliyokuwa mdomoni, mke wangu akamwambia, kaka, kesho njoo, wewe si mtu wa nje.

Nikimsindikiza mlangoni nilimwona anasimama na boksi tupu mkononi, anaangalia watoto. Tangu mkewe afariki, miaka mitatu sasa, hukaa na ile televisheni tu. Hilo si jambo langu. Jambo langu ni Jumapili.

Jumatano, 6 Agosti

Furaha Namba Mbili. Bwawa la bustani ya mji, viboti vya umbo la bata, vya kukanyaga kwa miguu. Lazima niandike kwa utaratibu, maana nyumbani sasa hivi hakuna anayesema nami.

Penye lango pana ubao: MWISHO KILO 250. Watu wote walikuwa wanaupita kama hawauoni. Mimi niupite? Miaka kumi na tisa kazini, niupite? Nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa mizani ya kupimia watu kwenye begi, nikaiweka chini, nikaipima usawa kwa pimamaji, nikaita mmoja mmoja. Mstari nyuma yetu ulikuwa na watu kama thelathini.

Mimi, sitini na moja. Wakili, thelathini na nne. Kitinda, kama ilivyoandikwa Jumatatu. Shemeji akavua viatu, saa na mkanda kwa hiari yake, akapanda. Mia moja na kumi na nane. Akaangalia namba ile kama mtu aliyepata barua ya rafiki wa zamani.

Mke wangu akakataa. Akasema ameishi nami miaka kumi na minne bila kupigwa muhuri, hataanza leo mbele ya bata. Nikasema sawa, nitakadiria. Sasa hapa ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe. Ofisini tumefundishwa kukadiria kwa sauti, ili mwandishi asikie. Nikakadiria kwa sauti. Mstari wote ukasikia. Mama mmoja nyuma akasema, pole dada. Mwenye viboti akasema kilo zile mia mbili na hamsini alizikuta tu kwenye ubao, mwenye ubao wa kwanza alikuwa anauza saruji.

Nilikuwa nimeshafanya hesabu, sikuweza kuifuta. Sisi wanne bata mmoja. Shemeji bata wake peke yake.

Akaketi upande wa kulia. Bata akalala upande. Akaanza kukanyaga, bata akazunguka. Akakanyaga zaidi, bata akazunguka zaidi. Mwenye viboti akampigia kelele ashike usukani. Akaushika. Ukang'oka! Akauinua juu ili tuone, huku anazunguka katikati ya bwawa kama kijiko kwenye kikombe. Wakili akamwuliza kwa mbali kama anahitaji kutetewa. Shemeji akaanza kucheka. Sijawahi kumsikia. Kicheko chake kinaanzia chini, kinachelewa, halafu hakiondoki. Bata wetu akatikisika kwa vicheko, nikawaomba wacheke kwa zamu kwa usalama. Ikawa mbaya zaidi.

Hesabu: Wakili arobaini na kimoja. Kitinda hamsini na saba, kisha penseli ikavunjika. Shemeji kimoja, cha dakika kumi na moja, sijui kinaandikwaje. Mke wangu sikuthubutu kumgeukia, lakini nilimsikia.

Tatizo la kitaalamu: vicheko hivi ni vya nani? Furaha ni yangu, nimeitoa mimi, ina namba. Lakini aliyechekesha ni yeye. Nimefikiri sana. Nimeviweka chini ya kichwa: Visivyo na Mwenyewe.

Shemeji amejaza hati yake hapohapo, magoti yamelowa. Kumi, kumi, na kwenye furaha ya baadaye ameandika, "Naomba muda."

Alhamisi, 7 Agosti

Mke wangu ananiongelesha kupitia watoto. Mwambieni baba yenu chai ipo. Mwambieni baba yenu kilo ya sukari ni kilo moja, kama anataka kuhakiki.

Siku tatu kabla ya uamuzi, na mama yao, hakimu mkuu, nimemchukiza! Nimetafakari mpaka saa tano. Maua yananyauka. Kanga mpya ni kitu, na vitu nimevipiga marufuku mwenyewe. Ikabidi nifanye jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nile kiapo cha kazi. Nimechukua karatasi nzuri, nikaandika Cheti cha Uzito kwa jina la mke wangu, nikapunguza kilo tisa. Tisa! Nikapiga muhuri. Nimewafungia watu mabanda kwa gramu hamsini, na mimi leo nimeiba kilo tisa mchana kweupe, mezani pangu.

Akakisoma akiwa jikoni. Akaniuliza moja kwa moja, bila kupitia kwa mtoto, kama muhuri huu ni wa kweli. Nikasema muhuri ni wa kweli, kilicho juu yake tu ndicho cha uongo. Akakigeuza, akakibandika kwenye mlango wa friji, akanimiminia chai. Chai ilikuwa na sukari ya kutosha. Nimeponea chupuchupu.

Jioni shemeji kaja bila boksi. Mikono mitupu! Hakujua aiweke wapi. Ameikalia. Akauliza kesho kuna nini. Mke wangu na yeye wakanong'ona jikoni muda mrefu, nikajifanya hamnazo. Nadhani wanapanga nauli ya watoto. Roho juu juu.

Bado nashukuru. Kwa chai.

Ijumaa, 8 Agosti

Likizo imekwisha. Furaha Namba Tatu ilikuwa kwenda kutazama treni inaondoka, lakini mkuu amenituma soko jipya ng'ambo ya reli, ambako sijawahi kukagua. Nikawaambia watoto furaha imeahirishwa. Wakili akatoa nakala yake. Ina tarehe, ina muhuri, haina kifungu cha kuahirisha. Akauliza kama napenda twende mbali zaidi na suala hili. Nikawachukua kazini. Shemeji naye akafunga duka, akaja. Siku ya Ijumaa! Dukani kwake Ijumaa ndiyo siku.

Mimi nilibeba sanduku la mawe ya shaba ya kuhakiki mizani, maana sanduku hilo haruhusiwi mtu mwingine kulibeba. Shemeji nikampa faili ashike. Kosa. Sokoni watu waliona mwanamume mwenye tumbo na faili, na nyuma yake mwembamba anatoka jasho na sanduku. Kila banda: shikamoo mkuu, karibu mkuu, mkuu kaa hapa kivulini. Mimi nikaambiwa, kijana, teremsha mzigo pale. Kijana! Nina miaka arobaini na sita.

Kwenye vitunguu kulikuwa na mama mmoja mwenye mdomo. Akauliza kwa sauti kama siku hizi serikali inaajiri ukoo mzima, na huyu mdogo ana cheo gani. Kitinda akasema yeye ni wa jiwe. Na kweli, nikampa jiwe la kilo moja, akaliweka kwenye sahani kwa mikono miwili kama analaza mtoto. Mshale ukaenda kwenye kilo moja na robo.

Wakili akauliza kwa adabu zote, samahani mama, hiyo robo ni mgeni au mwenyeji? Banda la pili wakaanza kucheka. Mama Vitunguu mwenyewe akashindwa, akacheka, akapindua sahani. Sumaku, imejibana chini. Akasema watoto ndio wameiweka. Kitinda akasema yeye ni mtoto na hakuiweka.

Kisheria hapo ni faini. Lakini kabla sijafungua kitabu, shemeji akaliinua faili, akamsamehe kwa niaba ya serikali! Watu wakapiga makofi. Nikasema hana mamlaka hayo. Nani anamsikiliza mbeba sanduku? Nikamwandikia onyo, nikaing'oa sumaku, nikaipiga mizani muhuri mpya. Na nikipiga, nikaona mbele yangu mlango wa friji wa nyumbani kwangu. Sikuweza kumtazama Mama Vitunguu machoni. Onyo nimelifanya dogo.

Tumekagua mizani thelathini na moja. Kitinda kaweka jiwe kwenye zote thelathini na moja. Shemeji kanunua kilo moja ya vitunguu kwa Mama Vitunguu, kilo kamili, akaibeba kifuani njia nzima.

Kwenye hati nimeandika: Imefeli. Haikuwa burudani, ilikuwa kazi. Watoto hawajarudisha nakala zao, wamelala nazo.

Jumamosi, 9 Agosti

Imebaki siku moja na sina furaha mkononi. Niliketi barazani na karatasi tupu. Shemeji akaja, akaketi kwenye ngazi, chini yangu. Kisha akasema bila kuniangalia.

Alisema mkewe alimwomba mara nyingi watoke. Si mbali. Hata hapo bwawani. Yeye akimwambia, mke wangu, biashara haina Jumapili. Akimletea kitu badala yake. Akamletea cherehani, feni, pasi ya mvuke. Marehemu akisema asante, akiweka juu ya kabati. Boksi la cherehani mpaka leo halijafunguliwa. Alisema Jumatano kwenye bata alicheka, halafu akahesabu, akaona amemzungusha mkewe miaka ishirini na miwili bila kumtoa mlangoni.

Nikamwuliza kama dhamana ya cherehani bado ipo.

Akanitazama. Akacheka mpaka akashika ukuta, akafuta macho, akaendelea kuyafuta hata baada ya kicheko kwisha. Akasema, shemeji, wewe ni kiumbe wa peke yako. Akaniomba hati tupu moja. Nikampa nakala zote tatu. Sikumwuliza ya nini.

Nimemwandikia kicheko kimoja. Hiki nimekiweka chini ya jina lake.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Chakula cha mchana kilikuwa kirefu kuliko kawaida. Mimi sikula, nilihamisha tu chakula kutoka upande huu wa sahani kwenda ule. Shemeji naye hakula. Wanaume wawili wazima tunatafuna hewa. Saa nane na robo Wakili akasimama, akavuta kiti nyuma, akasema wamekaa, wamejadili, mdogo wake amekubali hoja zote isipokuwa moja ya mbwa wa kinanda.

Akasema televisheni ya Mjomba ni kubwa kweli. Lakini mwaka jana kila siku Mjomba aliiwasha, akalala mbele yake na viatu, wao wakatazama peke yao. Kwenye bata hakulala. Sokoni hakulala. Kwa hiyo tatizo si televisheni wala nyumba. Tatizo ni Mjomba akiwa kwake.

Akanigeukia mimi. Akasema na Baba naye, tukiondoka, atampima nani? Kitinda akaongeza kwamba mwaka jana jirani aliwaambia Baba alikuwa anapanga viatu. Nikainamia sahani. Pilipili iliniingia jichoni. Hapakuwa na pilipili mezani, lakini iliniingia.

Hukumu: wanabaki! Wanabaki nyumbani, wiki nne zote!

Nikasimama. Nikapiga meza. Nikamshika shemeji mkono, nikamwambia pole sana, bahati mbaya, mwakani ajaribu tena. Wakili akasema Baba kaa, sharti bado. Nikakaa. Sharti: Mjomba anahamia hapa. Wiki nne hizohizo. Chumba cha stoo, kitanda cha kukunja.

Nilimtazama mke wangu anitetee. Akasema mashuka ameshafua tangu Ijumaa. Kumbe ule mnong'ono wa jikoni! Nikasema stoo ina mawe yangu ya akiba, na lazima yakae mahali pakavu pasipo mtikisiko. Shemeji akasema yeye hana mtikisiko, ila anakoroma. Begi lake lilikuwa tayari kwenye gari. Na hakuleta boksi. Alileta hati yangu, imejazwa kwa mwandiko mbaya, nakala tatu. Mtoaji: Mjomba. Mpokeaji: Wote. Furaha: Kula Pamoja Kila Siku. Saa ya kuanza ameandika sasa. Saa ya kuacha ameacha wazi.

Kitaalamu hati isiyo na saa ya kuacha haikubaliki. Nilichukua muhuri. Nikauangalia. Nikaipigia hati yake.

Nashukuru. Leo sina hesabu ya vicheko, nilisahau penseli chumbani na sikutaka kuinuka.

Jumatatu, 11 Agosti

Nyumba imejaa. Viatu mlangoni jozi kumi, zimepandiana, sijazigusa. Shemeji kakoroma mpaka mawe ya shaba yakaimba. Bado nashukuru, nashukuru sana, na nimekaa kutafuta kwa utulivu nini hasa kilituletea ushindi.

Jibu ni wazi. Utaratibu. Bila fomu, bila namba, bila muhuri, wangekuwa sasa wanatazama mlango ule unaowaka kwa shemeji. Palipokuwa na kasoro ni pale nilipolegea: wingu sikulifuatilia, penseli nilikuwa na moja tu, sokoni nilimwachia mtu faili. Makosa ya utekelezaji. Mpango wenyewe ulikuwa safi.

Kwa hiyo nimechapisha hati themanini na nne. Siku ishirini na nane, furaha tatu kwa siku: asubuhi, mchana, jioni. Nimeongeza safu ya nne, furaha ya kushtukizwa, nao nimewapa ratiba ya siku watakazoshtukizwa.

Nikamwuliza mke wangu, katika zote themanini na nne, yeye angependa ipi. Alikuwa anamenya vitunguu. Akasema anaomba moja tu: siku nzima ya kutofanya chochote. Asiamshwe, asipimwe, asiulizwe amefurahi kiasi gani. Aachwe.

Ombi zuri! Rahisi, halina gharama. Nimeliingiza mara moja: Furaha Namba Kumi na Saba, Jumamosi ijayo. Saa moja kamili, kuanza kutofanya chochote. Saa tatu, kutofanya chochote kivulini. Saa tano na nusu, mapumziko. Saa sita, kuendelea. Jumamosi siendi kazini, kwa hiyo nitaketi karibu yake muda wote, kimya kabisa, na penseli mbili.